Orodha ya Wasiokatwa

Sogea, nafasi ipo. Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yoyote niliyowahi kuiona, lakini kama umewahi kwenda harusini ukakuta ndugu wa bwana wamenuna kwa sababu sare ya ndugu wa bibi imekolea rangi kuliko yao, basi umeshafika mpakani, bado kugongewa pasipoti tu. Inaitwa Jamhuri ya Sareni. Watu wake ni wakarimu, wacheshi, na hawana wivu. Nimeishi nao maisha yangu yote sijamwona hata mmoja mwenye wivu. Kila mtu hupenda tu kujua mwenzake kapata nini, kapata lini, na kwa nini yeye.

Wakubwa husema kwamba siku ya uhuru waasisi wetu wawili walikalishwa jukwaani, kiti cha mmoja kikawa na mto, cha mwenzake kikawa kitupu. Ikapita miaka minne ya kununiana, barabara zikaota majani, mpaka ikaandikwa Katiba ya Doti. Ibara yake ya kwanza kila mtoto anaijua: kitu kikigombewa, kinunuliwe viwili, sare. Ndiyo maana tuna ikulu mbili zinazotazamana, nyimbo mbili za taifa zinazoimbwa kwa wakati mmoja, na Marais wawili wanaopanda ndege mbili kwenda mkutano mmoja. Ya kwanza ikifika mapema huzunguka hewani kuisubiri ya pili. Mafuta yanakwisha, lakini amani ipo.

Mimi ni msusi. Kichwa cha mtu kikishatulia mapajani pangu, mdomo wake hufunguka wenyewe, na mimi siyo wa kumziba mgeni mdomo. Saluni yangu haikosi watu kumi, wawili wanasukwa na wanane wanasikiliza. Imepakana ukuta kwa ukuta na ofisi ya Kondo na Wakeze Intaneti, kampuni ndogo inayouza intaneti mitaa mitatu: Bondeni, Ng'ambo na Kilimani. Ukuta wenyewe mwembamba. Hilo si kosa langu, nilipanga nikaukuta hivyo.

* * *

Bwana Kondo alikuwa na wake wawili, na kwa haki mtu huyu hakuwa na mfano. Jumamosi mpaka Jumatatu alilala Bondeni kwa Bi Mkubwa, Mwanakombo. Jumanne mpaka Alhamisi alilala Ng'ambo kwa Bi Mdogo, Hidaya. Ijumaa akishaswali, hupanda Kilimani kukagua mnara wa kampuni, na mnara ni kitu cha kukaguliwa kwa utulivu, kwa hiyo alikuwa harudi mpaka Jumamosi asubuhi. Masheikh walimtolea mfano msikitini. Mwaka ule, kwa Idi, aliwanunulia wakeze khanga za zambarau zenye korosho za njano, doti moja kila mmoja, zimeandikwa *Nimepewa sawa, ya nini kuuliza*. Wote wawili walikuja saluni nazo, siku tofauti, na kila mmoja aliniomba nimwambie kama ya mwenzake ilikuwa nzito zaidi.

Mume wangu Mbwana ni wangu peke yangu, kwa hiyo mambo ya ukewenza nayatazama kama mtu anavyotazama mvua akiwa barazani. Kila Idi huniletea doti moja, na kila Alhamisi ana kikao cha ushirika. Basi, sina la ziada.

Mnara ule wa Kilimani ulinunuliwa kwa bangili za Mwanakombo, sita za dhahabu, alizoachiwa na bibi yake. Mpaka leo ukimshika mkono wa kulia utaona alivyozoea kuusukuma juu kana kwamba bado zipo. Wateja wote alikuwa nao kichwani. Alijua nani kifurushi chake kimekwisha na nani kafiwa asubiriwe, na akitaka kumkata mtu alimwita fundi wa nguzo akamwambia, "Huyo mzime," basi anazimwa. Hidaya alikuja baadaye, na diploma ya kompyuta, akaacha kazi nzuri Ikulu ya Pili. Kabla yake, mvua ikinyesha mtaa mzima unarudi kusoma magazeti. Yeye ndiye aliyeufunga mtandao ukafungika. Kwa hiyo mmoja alisema kampuni ni dhahabu yake, mwingine akasema kampuni ni kichwa chake, na Bwana Kondo akasema, "Nyote wawili mna haki," akaenda kukagua mnara.

Yangeendelea hivyo mpaka kiyama, kama Tume ya Mawasiliano isingetoa amri. Kila kampuni ndogo ya intaneti iwe na mfumo wa bili kabla ya mwisho wa mwezi: programu ya kompyuta ya kuhesabu vifurushi, kupokea malipo kwa simu, kumkata aliyekwisha na kumrudisha aliyelipa, bila mkono wa mtu. Asiyekuwa nao, leseni yake litapewa Shirika la Taifa la Kwanza, na nakala yake Shirika la Taifa la Pili.

Zilibaki siku ishirini na sita.

* * *

Kuchagua mfumo si jambo la mtu kujifungia chumbani. Sheria inataka onyesho la hadhara mbele ya Makamishna, na Makamishna ni wawili, Mheshimiwa Makungu na Mheshimiwa Pazi. Muhuri wa Tume ni mmoja, ndio huohuo wa vibali vyote nchini, lakini ulipogombewa ulikatwa katikati kwa msumeno, kila mmoja akapewa nusu yake. Wakipatana, karatasi inapata duara. Wasipopatana, unapewa barua yenye nusu mwezi, na hiyo benki hawaipokei. Viti vya ofisi havikutosha, nikaombwa mabenchi yangu, na mabenchi yangu hayaendi mahali bila mimi.

Mheshimiwa Makungu alisimama akasema mfumo wa bili ni moyo wa taifa, na taifa lisilojua nani kifurushi chake kimekwisha ni taifa lisilojua linakokwenda. Akakohoa, akakaa. Mheshimiwa Pazi akasimama akaisoma hotuba ileile, neno kwa neno, na alipofika pale pa kukohoa, akakohoa. Tukapiga makofi kwa Makungu, tukapiga kwa Pazi, na karani mmoja aliyekaa pembeni akayahesabu yalingane.

Kisha wakataja sharti kubwa kuliko yote. Kila mfumo lazima uwe na Orodha ya Wasiokatwa, yaani watu ambao hata kifurushi kikiisha mwaka juzi, intaneti yao haizimwi. Humo watiwe Marais wote wawili, Makamishna, na watu wenye heshima katika mtaa. Aliposema "wenye heshima katika mtaa" niliona benchi zima limenyoosha shingo. Mimi sikunyoosha. Nilikuwa nimeshakaa wima tangu mwanzo.

Mheshimiwa Pazi akaongeza kwamba orodha isiwe na wa kwanza wala wa mwisho, iandikwe kwa duara.

Aliyeanza kuonyesha alikuwa kijana wa tai, na mfumo wake aliuita Chapuchapu. Alitaka tuone unavyokata, akabonyeza, na Ng'ambo yote ikazimika. Hidaya, ambaye mama yake alikuwa katikati ya kuzungumza na mwanawe wa Ulaya kwa video, akamuuliza kwa upole kwa nini kajaribia Ng'ambo, kwani Bondeni hakuna cha kukata. Kijana akaona aibu, akaikata na Bondeni. Sasa Mwanakombo akauliza kwa nini Ng'ambo wamekatwa dakika mbili na Bondeni dakika tatu. Kijana akaikata Ng'ambo tena kufidia ile dakika, akakosea kitufe, zikapita nne. Alipoondoka alikuwa ameacha tai mezani.

Wa pili alikuwa mwanamke, Fundi Tunu, mfupi, mkavu, hapotezi neno. Mfumo wake uliitwa Mizani, na ulikuwa mzuri. Siwezi kusema vingine. Mtu analipa kwa simu, intaneti inarudi kabla hajaiweka simu mfukoni. Wote tukaupenda, hata Mwanakombo aliyekuwa hataki kusikia habari ya kompyuta alisogeza kiti. Ndipo Tunu akafungua ukurasa wa mwisho, akauliza, "Msimamizi mkuu niandike nani?"

Tukamuuliza huyo ni mtu gani.

Msimamizi mkuu, alieleza, ndiye mwenye neno la siri la juu kabisa. Anaweza kumkata yeyote na kumrudisha yeyote, na kumpandisha au kumfuta msimamizi mwingine. Nafasi ni moja.

"Tia mbili," Mheshimiwa Makungu akasema.

"Haziingii mbili, Mheshimiwa."

Mwanakombo alisukuma mkono juu, pale zilipokuwa bangili. "Mwanangu," alimwambia Tunu, "mnara ule nimeuvaa mimi miaka kumi kabla haujasimama. Andika jina langu."

Hidaya hakuinua sauti. Alisema, "Dada yangu, dhahabu imeunyanyua mnara, lakini dhahabu haijui neno la siri. Ukiandikwa wewe, siku utakayonikasirikia utanifuta kwa kidole kimoja, na mimi kazi niliyoiacha sitairudia."

"Na ukiandikwa wewe?"

"Sitakufuta."

"Hivyo ndivyo ulivyosema siku ya kwanza, kwamba hutakaa sana."

Watu wa benchi wakashusha pumzi kwa pamoja. Bwana Kondo alitazamwa na kila jicho mle ndani, naye akatazama saa yake akasema nyote wawili mna haki.

* * *

Wiki mbili zilipita wanagombea kiti ambacho mtu hakikalii. Hidaya alikuja kusukwa Jumatano, akaniambia habari yote machozi yanamtoka kwa sababu ya nywele nilivyokaza, au kwa sababu nyingine. Alihofia kuzeeka kama mgeni katika kampuni aliyoijenga. Mwanakombo alikuja Jumapili. Yeye hakulia. Aliniuliza kama nimewahi kuona mwanamke akiomba ruhusa ya kuingia katika bangili zake mwenyewe. Niliwapa wote haki, kwa sababu wote walikuwa wateja, na wote nilikuwa nimewadokeza kwamba jina langu katika ile Orodha lingekaa vizuri.

Zikiwa zimebaki siku kumi, Makamishna walirudi na suluhisho lililofungwa kwa utepe. Kitu kikigombewa, kinunuliwe viwili, sare. Mizani ya kwanza, msimamizi mkuu Mwanakombo. Mizani ya pili, msimamizi mkuu Hidaya. Kompyuta mbili za rangi moja, meza mbili za urefu mmoja, mtandao uleule, wateja walewale.

Fundi Tunu aliinua mkono. Akasema mtandao mmoja hauwezi kutawaliwa na mifumo miwili. Mteja akilipa kwa huyu, yule atamwona hajalipa, atamkata.

"Fundi," Mheshimiwa Pazi alimjibu, "Bwana Kondo ni mume mmoja, ana watawala wawili, na hatujasikia amekatika."

Ukumbi ukacheka. Kondo akacheka kuliko wote. Tunu akafunga mifumo miwili kama alivyoagizwa, na akiondoka akamkabidhi Kondo karatasi yenye neno la siri la tatu, la mnunuzi, la kuchungulia mifumo yote miwili na kurekebisha jambo likitokea. Hakuna aliyeligombea. Kondo akasema atalitunza kule mnarani, na sisi tukaona ni jambo la busara.

* * *

Sasa nikuambie tulivyoishi. Ulikuwa ukimlipa Bi Mkubwa, simu inalia, "Mteja mpendwa, karibu tena." Hujatabasamu vizuri inalia tena, "Mteja mpendwa, umekatwa." Huyo ni Bi Mdogo. Ukimlipa Bi Mdogo naye, wa kwanza kifurushi chake kimeshaisha. Mteja wangu mmoja, mwanamke mwenye maneno, alisema ni sawa na kuposwa na kuachwa kabla chai haijapoa. Watu wakawa hawaulizani hali, wanaulizana, "Wewe uko wazi kote?" Na aliyekuwa wazi kote alipita barabarani simu mkononi, taratibu, aonekane.

Wenye raha walikuwa Wasiokatwa peke yao. Kila mke alijaza orodha yake akiwa amefunga mlango, na mlango ukifungwa habari hutoka dirishani. Mwanakombo alitia mama yake, shangazi zake wanne, na mwalimu wake wa chuo aliyekwisha kufariki, kwa heshima. Hidaya alitia ukoo wake mpaka wa tumbo la pili, na muuza chipsi wa ng'ambo ya barabara. Muuza chipsi. Mtu ambaye hajui hata kuitumia, ana simu ya tochi. Mimi nilikuwemo kwa Mwanakombo, kwa Hidaya sikuwemo, kwa hiyo nilikuwa wazi nusu. Sisemi kwamba iliniuma. Nilisimamisha tu kula chipsi.

Kosa lilikuja kwa wakubwa. Mwanakombo alikuwa amemtia Mheshimiwa Makungu akamsahau Pazi. Hidaya alimtia Pazi akamsahau Makungu. Makungu akawa anakatwa na Ng'ambo, Pazi anakatwa na Bondeni, na kila mmoja akaamini kwamba mwenzake yuko wazi kote. Wakaacha kusalimiana. Nusu mbili za muhuri hazikukutana siku saba. Hospitali mbili zikakosa vibali vya maji, na meli ikakaa bandarini na karatasi zake zenye nusu mwezi.

Mwisho Tume ikatoa onyo. Ijumaa ile, siku moja kabla ya mwezi kwisha, orodha mbili za Kondo na Wakeze zitalinganishwa jina kwa jina mbele ya umma. Zisipokuwa sare, leseni inakwenda.

* * *

Siku ya ukaguzi wa sare watu huvaa sare, ndiyo adabu. Mwanakombo na Hidaya walikuja wote na zile khanga za zambarau, *Nimepewa sawa, ya nini kuuliza*, wakakaa kila mmoja kwenye kompyuta yake bila kutazamana. Bwana Kondo alikuwa ameomba udhuru. Ilikuwa Ijumaa, na mnara haujui ukaguzi wa serikali.

Fundi Tunu akasoma. Jina likiwa upande mmoja tu, linafutwa. Shangazi wa kwanza akafutwa. Wa pili, wa tatu, wa nne. Ukoo wa Hidaya ukafutwa mpaka wa tumbo la pili. Muuza chipsi akafutwa, na mimi nikakohoa kidogo. Kisha nikafutwa mimi. Makungu akatiwa upande wa pili, Pazi akatiwa upande wa kwanza, wakapeana mikono kwa wakati mmoja. Wakabaki Marais wawili, Makamishna wawili, na jina moja zaidi. Lilikuwepo pande zote mbili, sare kabisa.

"Shani binti Mwinyikai," Tunu akasoma. "Kilimani, nyumba ya kijani, chini ya mnara. Kifurushi kikubwa. Asikatwe."

Mheshimiwa Makungu akasema vizuri, hilo halina tatizo, limelingana. Mheshimiwa Pazi akasema vizuri, hilo halina tatizo, limelingana.

Mwanakombo akageuka kumtazama Hidaya. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule.

"Huyu umemtia wewe?"

"Nilidhani umemtia wewe, dada. Nikasema labda ni mwalimu mwingine."

"Mimi simjui."

"Wala mimi."

Wote wawili wakamtazama Tunu. Tunu alitazama kioo, akabonyeza mahali, akasoma tarehe na saa. Jina hilo, alisema, limeingizwa kwa neno la siri la mnunuzi. Limeingizwa Ijumaa.

Saluni yangu nzima iligeuka kutazama dirisha la upande wa Kilimani. Mwanakombo alisimama, akajifunga khanga vizuri kiunoni. Hidaya akasimama, akajifunga vilevile. Wakatoka. Na kwa kuwa haikuwa vizuri wanawake wawili wapande mlima peke yao, nikawasindikiza, na saluni yangu ikanisindikiza mimi, na Makamishna wakaja nyuma kwa sababu ukaguzi ulikuwa haujafungwa rasmi.

* * *

Nyumba ilikuwa ya kijani kweli. Mnara umesimama nyuma yake, na chini ya mnara zimeanikwa fulana tatu ambazo hata mimi nilizitambua. Mwanakombo alibisha hodi. Hidaya akabisha tena, isiwe kabisha mmoja.

Mlango ukafunguliwa na mwanamke wa makamo, mweupe wa meno, mkononi ana mwiko. Alikuwa amevaa khanga ya zambarau yenye korosho za njano. Maandishi yake nilikuwa nayajua kwa moyo.

Walitazamana watatu. Macho ya yule mwanamke yalitoka khanga hii yakaenda khanga ile, yakarudi kwenye yake mwenyewe. Hakuuliza ninyi ni nani. Alishusha mwiko taratibu.

"Miaka mitano," alisema, "ananiambia siku sita za juma yuko kazini, ana minara miwili inamsumbua. Mmoja Bondeni, mmoja Ng'ambo. Unaokaribia kuanguka ni ule wa Bondeni. Wa Ng'ambo unakula umeme." Akatikisa kichwa. "Kumbe nyinyi ndiyo ile minara."

Nitakufa na hilo neno. Nyuma yangu saluni nzima ilikuwa imeziba midomo kwa ncha za khanga.

Mwanakombo alisukuma mkono wake juu, pale pasipokuwa na bangili, na safari hii Shani akauona mkono, na Hidaya akauona. Kisha Mwanakombo akauliza, "Unaokaribia kuanguka?"

"Ndivyo alivyosema, dada."

"Na mimi nakula umeme," Hidaya akasema.

"Mimi naambiwa kila Jumamosi asubuhi kwamba ndimi wake wa pekee," Shani akasema. "Nilikuwa nawaonea wivu wake wa watu wenye waume wa nyumbani. Ingieni. Yuko ndani anakagua wali."

Bwana Kondo alionekana kwa nyuma, tonge mkononi. Alitazama khanga tatu zilizosimama mlangoni mwake kwa mstari mmoja. Ulimi wake, kwa mazoea, ukaanza, "Nyote wa..." ukakwama penye hesabu.

Kwa kweli mimi nilimwonea huruma. Mtu alikuwa mwadilifu. Hakuna aliyepewa doti nzito kuliko mwenzake.

* * *

Jumamosi asubuhi, siku ya mwisho ya leseni, wanawake watatu walishuka mlima kwa hatua moja. Walimwambia Fundi Tunu auondoe mfumo mmoja, ubaki mmoja, kama alivyoshauri mtu mwenye akili tangu mwanzo. Tunu akauliza tena swali lake. Msimamizi mkuu aandike nani?

Walitazamana. Ilikuwa palepale, kiti kilekile cha nafasi moja.

"Andika Mnara," Mwanakombo akasema.

Neno la siri likakatwa vipande vitatu kama muhuri wa Tume, kila mmoja akabaki na chake, asiweze mtu kufungua bila wenzake wawili. Lile la mnunuzi wakalifuta. Orodha ya Wasiokatwa wakaiacha na wale wanne wa sheria. Hata mama zao sasa wanalipa. Bwana Kondo aliandikishwa kama mteja, kifurushi cha siku, kinachokwisha magharibi. Akitaka kuongezewa apite Bondeni, apite Ng'ambo, apande Kilimani, akaombe kipande kwa kipande. Tangu siku hiyo ukimwona jioni yuko njiani. Simu yake ikilia hatazami tena, anajua: mteja mpendwa, umekatwa.

Makamishna walikataa kugonga muhuri. Walisema Katiba ya Doti haina kitu kinachoitwa tatu. Mwanakombo akawauliza, mbele ya benchi zima, kama wangependa orodha za kampuni nyingine nazo zisomwe hadharani, tuone ni akina nani waliowatia wao. Nusu mbili zilikutana haraka kuliko nilivyowahi kuona. Duara lilitoka zuri, halina hata ufa.

Lakini maneno yalikuwa yameshasafiri. Jumatatu wanawake walijipanga foleni mbele ya kila kampuni ya intaneti nchini, wanaomba tu kuona orodha. Nasikia wake wa Marais nao walituma watu, kila mmoja kwa Rais wake. Jioni Ikulu ya Kwanza na Ikulu ya Pili zikatoa tamko moja, kwamba orodha zote ni siri ya taifa, na kwamba Waheshimiwa Marais wameondoka ghafla, kila mmoja kwa ndege yake, kwenda kukagua minara.

Mimi pia nilikuwa kwenye foleni ile, lakini nilikuwa namsindikiza mteja. Tulipofika dirishani lilikuwa limefungwa.

Nikarudi nyumbani, nikamkuta Mbwana amewahi kurudi. Siku ya kazi, jua bado lipo, na kanisubiri barazani. Kaniletea khanga. Safari hii si doti moja, ni mbili, na wala si Idi. Akasema zote zangu. Nikamshukuru, nikazikunja vizuri, nikamtengea chakula, tukala vizuri tu.

Asubuhi, kabla sijafungua saluni, nilipita dukani kwa muuza khanga kumuuliza mume wangu alinunua ngapi.